Stika Moja kwenye Karatasi Mpya

Merle Tofte alikutwa saa mbili asubuhi, Jumamosi, amelala chali nyuma ya fremu ya shabaha kwenye uwanja wa klabu ya kulenga shabaha, stepla ya kubania karatasi bado iko mkononi. Kifuani kulikuwa na tundu, damu imekauka tangu jana yake jioni. Risasi ilipita mwilini ikazama kwenye tuta la udongo lililojaa risasi za miaka yote, na kuitafuta humo ilikuwa kazi bure.

Aliyemkuta ni Harlan Voss, rafiki yake wa tangu utoto. Ofisa aliyetumwa na sherifu alikuwa Ardith Lund. Huyo Harlan ndiye aliyemfundisha Ardith kushika bastola, tangu akiwa msichana mdogo.

"Pole, mzee wangu," Ardith alimwambia, akamkumbatia.

"Pole haitanisaidia, binti. Mkamate yule kijana."

Jina halikuhitajika. Kiangazi kilichopita kipande cha shaba kiliruka kutoka kwenye bamba la chuma, kikamtoboa jicho Britta, mjukuu wa Harlan, aliyekuwa amevua miwani afute jasho. Masikini mtoto! Klabuni sheria ilijulikana: bamba la karibu hulipigi kwa risasi iliyovikwa shaba. Unapiga ya kusagika inapogonga chuma, au ya madini laini iliyopakwa rangi. Kolby Reese alikuwa akinunua za shaba kwa sababu ni za bei rahisi, basi wakamtimua yeye. Aliapa hakupiga ile. Nani amsikilize?

Ardith alimkuta Kolby gereji, amelala chini ya gari bovu.

"Afande, jicho mlinibebesha mimi. Na maiti nayo ni yangu?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nilipita uwanjani, sikatai. Merle aliniita mwenyewe. Akaniomba msamaha."

"Wa nini?"

"Hakumaliza. Alilia, mwanamume mzima! Akasema kuna mtu lazima aanze naye, kisha atanieleza mbele ya klabu nzima."

"Bastola yako iko wapi?"

Kolby aliitoa. Ilikuwa ya magazini, na ndani mlijaa risasi za shaba zenye kichwa cha mviringo. Hakuwa na shahidi hata mmoja. Ardith alijua sherifu hatahitaji zaidi ya hapo kumtupa ndani.

Alirudi uwanjani, akasimama mbele ya fremu. Mabamba yote ya chuma yalikuwa meupe, rangi ya jana, hayana alama. Karatasi ya shabaha nayo ilikuwa mpya. Ila katikati, kwenye duara jeusi, ilibandikwa stika moja nyeusi, ile ya kuzibia matundu. Ajabu. Nani anaziba karatasi ambayo haijapigwa?

Akaibandua kwa ukucha. Tundu lilikuwa duara safi, kama lililokatwa kwa mashine ya kutobolea karatasi. Risasi ya kichwa cha mviringo huchana, huacha nyuzinyuzi pembeni. Inayokata hivi ni ile butu, yenye kichwa bapa, ya walengaji wa karatasi. Bastola ya Kolby ingekwama kwa risasi ya kwanza tu ya namna hiyo. Klabu nzima alibaki mtu mmoja anayeyeyusha madini na kuzimimina mwenyewe kwa ajili ya rivolva yake.

Ardith alikaa chini, akalia.

Harlan alikuwa bandani kwake, mbele ya sufuria ya kuyeyushia madini, imepoa.

"Umeibandua ile stika," alisema alipomwona macho mekundu, kabla hajaulizwa.

"Alikuambia nini, mzee?"

"Kwamba risasi ya jicho ilikuwa yake. Moja ya shaba, ilichanganyika na zingine mfukoni. Mwaka mzima, Ardith! Anakula mezani kwangu, anamletea Britta zawadi, na anajua." Akaisukuma sufuria kando. "Kisha akaenda kunibandikia karatasi, kama kawaida yetu. Akasimama nyuma yake, anabana pembe."

"Mtu akiwa kule mbele, bastola haiguswi. Ulinifundisha wewe."

"Nililenga nyeusi. Miaka yote nalenga nyeusi. Sikutaka kumwona uso."

"Na stika?"

"Sijui. Nilimlilia, nikasimama, mkono ukaziba. Tundu haliachwi wazi."

"Merle alimwachia Kolby lawama za jicho. Wewe ukamwachia kifo cha Merle. Afadhali yeye alirudi kuomba msamaha."

Harlan alinyoosha mikono. Ardith akamfunga pingu, machozi yakimdondoka juu ya chuma.

Njiani walipofika gereji, mzee aliomba gari lisimame. Ardith akashusha kioo cha nyuma. Kolby alisogea na spana mkononi, amenuna, akaziona zile pingu.

"Kijana," Harlan alisema, "jicho la Britta hukulitoa wewe. Alikuwa Merle. Na Merle nimemuua mimi."

Kolby akakaa chini palepale barabarani, akaanza kulia kwa kwikwi.

"Britta anajua?" aliuliza mwishowe. "Huwa ananikimbia akiniona."