Nondo Chini ya Lori la Harusi

Siku ya kumpeleka Raudha kwa mumewe Ruangwa, nyumba ya Shaibu kule Lionja haikukalika. Vigelegele huku, ngoma kule. Majirani walipakia lori: kitanda, godoro, magunia ya mpunga, na kabati la vioo lililobebwa na wanaume sita kama mgonjwa.

Shaibu hakushika kitu. Alizunguka lori lake akitabasamu tu. Lori lile lilikuwa limebeba korosho na ufuta wa Lionja kwa miaka kumi na moja. Leo linambeba binti yake. Jamani, baba gani asingefurahi?

"Baba Raudha, lori liko sawa?" mkewe Saada aliuliza.

"Lori hili? Lina afya kunishinda mimi!"

Wageni walitangulia na basi dogo la kukodi. Raudha alikaa mbele ya lori, katikati ya baba na mama. Safari ikaanza.

Walipofika Nachingwea mjini, Shaibu alisimama kwenye gereji ya Jenifa ili aongeze upepo kwenye matairi. Jenifa ni fundi wa magari, mzaliwa wa Mnero. Mikono yake ina nguvu na mdomo wake haulali. Tena ni mtani wa Shaibu. Koo zao zinataniana tangu enzi za mababu.

"Mtani! Umemwiba binti wa nani?" Jenifa alipaza sauti.

"Nimemzaa mwenyewe, mchawi wewe! Jaza upepo, tunachelewa."

Jenifa alicheka, akainama kwenye tairi la nyuma. Mara kicheko kikakatika. Alipitisha kiganja kwenye tairi. Upande mmoja ulikuwa umelika mpaka ukawa laini. Akaingia uvunguni. Alipotoka, alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva. Alipitisha mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"We! Rudisha!" Shaibu alishtuka.

"Harusi imepita mlangoni kwangu, nami sijapewa changu. Nimechukua!"

Ndiyo desturi yenyewe. Mtani akikuchukulia kitu siku ya sherehe, huruhusiwi kununa. Unambembeleza mpaka akurudishie. Shaibu alitabasamu shingo upande.

"Haya, unataka nini? Kuku?"

"Nataka ushuke, uniambie zile nondo huku chini ni za nini."

Shaibu akashuka. Kumbe ameziona! Msimu uliopita, yubolti za upande ule, zile bolti zilizopinda kama herufi U, zilikatika akiwa na mzigo wa ufuta. Hakununua nyingine. Alichukua nondo zilizobaki alipojenga nyumba, akazikunja. Kisha akachomelea vipande vya bolti kwenye ncha zake ili nati ziingie. Lori likatembea, naye akajiona fundi kweli kweli.

"Chuma ni chuma, mtani," alisema.

"Aka! Nisikilize. Springi inakaa juu ya ekseli, hicho chuma kinachoshika magurudumu. Yubolti ndizo zinazofunga springi na ekseli zisiachane, kama mbeleko inavyomfunga mtoto mgongoni. Mbeleko ikilegea, mtoto anakwenda wapi?"

"Anateleza."

"Na ekseli inateleza vilevile. Inakaa upande, na tairi linalika upande. Nondo imetengenezwa ikae ndani ya zege, itulie. Yubolti imetengenezwa kwa chuma kigumu, ivutwe na kutikiswa kila siku. Na hapo ulipochomelea ndipo pabovu kuliko pote."

"Lakini zimebeba mizigo msimu mzima!"

"Umebebwa na bahati, mtani, si na nondo. Tazama."

Jenifa alichukua spana, akaishika nati moja ya nondo, akaikaza kidogo. Ta! Kipande kikakatika, kikaanguka chini pamoja na nati yake.

"Sikutumia hata nguvu ya mkono mmoja," Jenifa alisema. "Zingekatika kwenye mteremko, ekseli ingehama na lori lisingeshikika."

Shaibu alikitazama kile kipande. Akainua macho dirishani. Raudha alikuwa anamtazama. Akasogea mpaka mlangoni. Aliona hofu, aliona na aibu.

"Mwanangu, ningekuua siku ya harusi yako," alisema kwa sauti ndogo.

"Hujaniua, baba. Mwache mtani afanye kazi." Raudha akampigia simu mumewe. "Tutachelewa kidogo. Mkianza kula, mtubakizie nyama!"

Saada aliangua kicheko, na wote wakacheka, hata Shaibu.

Jenifa alipima upana wa springi na unene wa ekseli. Akamtuma bodaboda duka la vipuri alete yubolti za kipimo kile kile, na nati mpya.

"Badilisha zote za upande huu kwa pamoja," alimweleza Shaibu. "Mpya na kuukuu hazivuti sawa."

Alinyanyua lori kwa jeki, akaliegemeza kwenye stendi imara. Aliirudisha ekseli mahali pake. Kisha akakaza nati kwa kupishana, hii kidogo, ile kidogo, mpaka zote zikashika sawa.

"Ukifika Ruangwa, kaza tena," alisema akimkabidhi ufunguo, na spana ya kuazima. "Yubolti mpya zikibeba mzigo mara ya kwanza hulegea. Usipuuze!"

"Na nondo zangu?"

"Hizo nitafungia mbuzi."

Njiani Shaibu alishangaa. Zamani aliuvuta usukani kushoto njia nzima, akidhani ni uzee wa lori. Leo lori lilinyooka lenyewe. Kwenye mteremko wa mwisho alishuka polepole, na Saada akaanza kuimba.

Ruangwa walipokelewa kwa vigelegele. Seleman, baba wa bwana harusi, alitoka na wazee kumlaki mkwe wake. Wakamkuta Raudha, wakamkuta Saada.

"Jamani, baba wa bibi harusi yuko wapi?"

"Uvunguni!" alijibu Saada.

Wote waliinama. Kanzu nyeupe ya Shaibu ilikuwa imelala kwenye vumbi.

"Subirini! Fundi amesema nikaze!" sauti ilitoka chini. Kweli, nati zilizunguka kidogo. Shaibu akatoka na grisi mpaka puani, uso wote furaha. Aliwaeleza kila kitu, na hakuficha aibu yake.

Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Seleman peke yake hakucheka. Naye ana lori, hubebea mbao. Alimvuta Shaibu kando.

"Mkwe," alinong'ona, "hata langu nimelifunga kwa nondo."

"Liko wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Lete ufunguo. Halitoki hapa mpaka lipate yubolti za kweli."

Pilau ilipoa siku ile. Wakwe wawili walikuwa uvunguni.