Picha za Meno Meupe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kanyiva alimfungia punda mitungi akaenda kisimani. Hakuna aliyemtuma. Zamani ilikuwa kazi ya mamake. Mamake alikufa mwaka uliopita, zahanati ikiwa haina dawa na daktari akiwa kwenye semina, na kazi ikabaki pale pale ilipokuwa. Mtu akifa, maji bado yanatakiwa.

Kisima chenyewe kilikuwa cha pampu. Kilichimbwa na mradi mmoja wa maji wakati wazee wa leo walikuwa watoto wachanga na Mwau, babake Kanyiva, hajazaliwa. Wakubwa walikuja, wakakata utepe, wakala mbuzi wa watu, wakaenda zao. Maji yalitoka mengi, na watu wa kijiji hicho karibu na soko la Tulia wakamshukuru Mungu kanisani. Hakuna mkubwa aliyeyapima kujua yana nini. Baadaye watoto wakaanza kuota meno ya ukubwani, na meno yakatoka na madoa ya kahawia, mengine yamechimbika kama yaliyopigwa na msumari.

Tangu hapo watu wa kijiji hicho hucheka wakiwa wamefunika mdomo kwa kiganja. Mgeni anaweza kufikiri ni adabu.

Mamake Kanyiva hakuwa hivyo. Alizaliwa Makueni, akanywa maji mengine utotoni, na alicheka mdomo ukiwa wazi. Sasa nyumbani aliyecheka namna hiyo alikuwa Kavindu peke yake, mdogo wake Kanyiva, aliyekuwa na miaka mitatu na meno ya utoto, meupe kama punje za mahindi mabichi. Mwau hakuwa akicheka kabisa, kwa hiyo hakuhitaji kiganja.

Shuleni, mwaka huo, vishikwambi vilitolewa kabatini. Vilikuwa vimefungiwa humo tangu Kanyiva akiwa madarasa ya chini, kwa sababu aliyevileta hakukumbuka kuleta na umeme. Wanafunzi waliovipokea kwa makofi walikuwa wameshamaliza shule. Mwalimu Mbithe, aliyefika shuleni muhula huo, ndiye aliyeomba paneli ya sola, akavipanguza vumbi, akawagawia wanafunzi wa Gredi ya Saba.

"Tutajifunza kupiga picha, kuzirekebisha na kuchora kwa kidole," alisema. "Mradi wenu ni nyuso za watu wa hapa."

Aliwafundisha kuongeza mwanga pale uso ulipokuwa na giza. Aliwafundisha kuchota rangi: unagusa mahali kwenye picha, brashi inashika rangi ile ile, kisha unaipaka unapotaka. Aliwafundisha pia tabaka.

"Chukulieni tabaka kama karatasi ya nailoni inayoonyesha. Unailaza juu ya picha, unapaka rangi kwenye nailoni. Ukikosea unaitoa, na picha ya chini iko salama. Msipake kwenye picha yenyewe. Mnanisikia?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Kanyiva alijua kazi hiyo upesi kuliko wengine. Kidole chake kilikuwa chepesi. Alichora punda wao mpaka Ndolo, kijana mcheshi wa darasa, akasema punda huyo karibu atoe harufu.

Kisha mwalimu akawaeleza mradi ulikuwa wa nini. Wazee walikuwa wakiiandikia barua ofisi ya mradi wa maji, mjini Kitui, kuomba mtambo wa kuchuja. Mtambo ulikuwa mmoja, na kijiji kingine kiliuomba pia. "Maji yetu yana madini mengi ya floraidi, ndiyo maana meno yako hivi. Mtu mzima ameshaharibikiwa. Lakini meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi mtoto akiwa mdogo kama Kavindu wa kwao Kanyiva. Hao ndio tunaotaka kuwaokoa. Barua itakwenda na picha zenu, ofisi ione."

Wanafunzi walizunguka kijijini wakapiga picha. Watu waliombwa wafungue midomo, nao walifungua kwa shingo upande. Mwau alipopigwa yake alionyesha meno kwa muda mfupi tu, kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa polisi. Nyingi zilitoka na giza, kwa hiyo mwalimu akampa Kanyiva kazi ya kuongeza mwanga.

Aliketi nazo darasani wakati wa mapumziko. Mwanga ulipoongezeka, madoa nayo yakaonekana zaidi. Aliwaza watu wa ofisini, wenye viti vya kuzunguka, wakipitisha picha ya babake mkono kwa mkono. Aliijaribu brashi kidogo kwenye jino moja. Weupe mtupu ulionekana kama chaki. Akafungua picha ya Kavindu, akagusa meno yake, akachota rangi ile, akaipaka kwenye meno ya babake. Ikakaa vizuri.

"Wewe! Huyo ni Mzee Mwau?" Ndolo alikuwa nyuma yake. "Amekuwa pasta wa televisheni! Nipake na mimi. Watu wa Nairobi wananunua chokoleti, mimi nimezaliwa nayo mdomoni na siipendi."

Wengine wakaja. Kila mmoja alitaka yake. "Na mimi, Kanyiva." "Na nyanya yangu." Kengele ilikuwa karibu kulia na hakuwa na nafasi ya kulaza tabaka kwa kila mtu. Alipaka kwenye picha zenyewe, akahifadhi, akaenda nyingine.

Mwalimu Mbithe alikuja akiwa na haraka, simu mkononi, akitafuta mahali penye mtandao.

"Umeongeza mwanga?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hukubadilisha kitu kingine?"

Kanyiva aliwatazama wenzake. Ndolo alikuwa anatazama dari.

"Hapana, mwalimu."

Picha zikaenda.

Jibu lilikuja na gari jeupe. Afisa wa mradi, Bwana Musembi, aliwakuta watu wamekusanyika uwanjani pa shule. Hakukaa. Alikuwa na bahasha ya picha zilizochapishwa, akaziinua juu.

"Ndugu zangu, mimi sitaki kuwapotezea muda. Nimesoma barua, nimeona picha. Meno haya ni mazuri kuliko yangu! Mtambo tumeamua uende kule kwingine wanakoumia. Au kuna mtu hapa ana shida ya meno? Asimame, atuonyeshe."

Hakuna aliyesimama. Kanyiva aliona mikono ikipanda, mmoja baada ya mwingine, ikafunika midomo. Wazee, akina mama, wanafunzi. Babake pia. Mwalimu Mbithe alinyoosha mkono kuomba kusema, lakini Bwana Musembi alikuwa amesharudi garini. Alikuwa na mkutano mwingine. Wao huwa na mkutano mwingine. Picha aliwaachia watu ziwe zawadi.

Jioni Mwau aliketi mlangoni akiwa ameishika picha yake. Ndengu zilikuwa zinachemka. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Shati ni langu," alisema. "Mdomo si wangu. Huu umetoka wapi?"

Kavindu akaja akimvuta Kanyiva sketi. "Nipe maji."

Kanyiva alichukua kikombe, akafunua mtungi, akachota. Hapakuwa na maji mengine nyumbani wala kwa majirani. Kavindu alikunywa yote, akarudisha kikombe, akacheka kwa sababu maji yalimwagika kidevuni. Kanyiva alikishika kikombe kile kitupu. Hakulia. Nyumba hiyo ilikuwa imemaliza kulia.

"Ni mimi, baba," alisema. "Niliyapaka. Yako na ya watu wote. Mwalimu akaniuliza nikakataa."

Mwau hakunyanyua mkono wala sauti. Aligeuza picha, akailaza chini uso ukitazama ardhi.

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka wasikucheke."

"Hao?" Mwau alitazama barabara ambayo gari lilipitia. "Hao hawajawahi kunitazama hata wanicheke. Kesho utamwambia mwalimu wako."

Kesho yake Kanyiva alimwambia mwalimu mbele ya darasa zima. Mwalimu Mbithe aliketi kwenye dawati la mbele, kama mtu aliyechoka miguu.

"Nami nilituma bila kuzifungua," alisema. "Nilikuamini. Haya, toa tabaka lako, turudishe za kwanza."

"Hakuna tabaka, mwalimu. Nilipaka juu ya picha."

"Basi za kwanza hazipo," mwalimu alisema. "Tutapiga upya. Nani wa kwanza?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Mimi hii sura mpya nimeizoea," Ndolo alisema, lakini hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akaangalia chini.

Kanyiva alichukua kishikwambi, akaenda dirishani kwenye mwanga mkali. Akakigeuza kimtazame, akafungua mdomo wote, akajipiga. Hakuongeza mwanga. Akaipitisha picha ile dawati kwa dawati. Alihisi masikio yakiwaka moto, lakini hakuweka kiganja mdomoni.

Ndolo aliishika picha, akaitazama. "Lete hiyo mashine," alisema. "Yangu ni mabaya kuliko haya. Usinipite kwa jambo ninaloliweza."

Wakapiga zote upya. Kwenda nyumba kwa nyumba kulichukua siku kadhaa, kwa maana ilibidi Kanyiva aeleze kila mahali alichokuwa amefanya. Nyanya yake Ndolo alimfokea vizuri, kisha akafungua mdomo.

Mwau alikodi bodaboda, yeye na Kanyiva wakaenda Kitui pamoja na mwalimu. Ofisi ya mradi ilikuwa na zulia na feni. Waliambiwa wangoje, wakangoja mpaka watu waliokuja nyuma yao wakaingia na kutoka. Hatimaye Bwana Musembi alipokea picha mpya, akaziweka kando ya zile alizokuwa nazo kwenye kompyuta.

"Mwalimu, jamani! Mwezi uliopita nyeupe, leo kahawia. Kesho mtaniletea kijani?"

"Za kwanza zilirekebishwa," mwalimu alisema.

"Na hizi je? Anayeweza kung'arisha jino si anaweza kulichafua pia? Nitajuaje?"

Maneno yale yalikuwa ya kweli, hata kama aliyeyasema hakuwahi kushuka garini kutazama. Picha iliyodanganya mara moja ilikuwa imezitia doa na zile za kweli.

Kanyiva alisimama. "Za kwanza nilizipaka mimi, mzee. Nilidanganya. Mwalimu hakujua." Kisha akaenda karibu na meza, mwanga wa dirisha ukimpiga usoni, akafungua mdomo.

Bwana Musembi alitazama kidogo, akahamisha macho.

"Tazama vizuri," Mwau alisema kutoka kwenye kiti chake. "Usitazame ukuta. Na mimi hapa." Akasimama, akaondoa kofia, akafungua mdomo wake kwa mtu asiyemjua, katika ofisi yenye zulia. "Haya ni maji yenu. Kisima ni chenu, jina la mradi wenu bado liko ukutani pale. Nina mtoto mwingine nyumbani, wa miaka mitatu. Yeye bado."

Feni ilizunguka. Bwana Musembi alivuta karatasi, akaandika.

"Mtambo bado uko stoo," alisema kwa sauti ndogo. "Tutapima maji ya kwenu na ya kule kwingine. Yaliyo mabaya zaidi ndiyo yatakayopata."

Walikuja kweli, wakajaza chupa, wakaenda. Majibu yalikuwa kwamba floraidi ya kisima kile ilizidi kiasi mara nyingi. Mtambo ukaletwa, ukafungwa kando ya pampu. Kijiji kile kingine kiliahidiwa mtambo wake baadaye. Ahadi tunazijua.

Siku ya kuufungua kulikuwa na utepe tena. Bwana Musembi alimwomba Kanyiva apige picha, akamvuta kando. "Wewe fundi, hili tumbo si unaweza kulipunguza kidogo?"

"Hapana, mzee," Kanyiva alisema. "Itabaki ilivyo."

Jioni hiyo aliteka maji kwenye bomba jipya, akampa Kavindu, akaketi karibu na babake.

"Baba, meno yangu yatabadilika?"

"Hapana."

"Na ya Kavindu?"

"Yeye tutaona."

Kisha Mwau akasema, bila kumtazama:

"Mimi sikusoma, mashine hiyo yako siijui. Lakini sikiliza. Chora unachotaka. Mpake punda mabawa ukipenda, kila mtu atajua ni mchezo. Ila mtu akikuuliza, 'Hali yenu ikoje?', mwonyeshe ilivyo, hata kama ni ya aibu. Aibu haikuwa yetu. Ilikuwa ya waliochimba wakaondoka. Ulipoificha, uliwabebea." Akajikuna kidevu. "Wakubwa hawapendi kuona, mwanangu. Hiyo ni tabia yao na watajibu kwa Mungu. Sisi tusiwasaidie kutoona."