Nyumba za Wenye Haraka

Maharage yalikuwa motoni tangu asubuhi, maji yanatokota, kuni za mkaratusi zinawaka vizuri, na adhuhuri ilipofika Kezia akabonyeza punje moja kwa kidole akaikuta ngumu vilevile. Akalaumu maharage. Kesho yake akapika mengine, nayo yakagoma. Mjukuu wake Aline akanusanusa, akasema, "Bibi, humu ndani kunanuka saruji mbichi." Nyumba yenyewe ilikuwa ya tofali za udongo. Saruji haijawahi kuingia humo hata kibaba.

Kisha ikaja sauti. Krrr, futikamba ya fundi inavutwa ukutani, inaachiwa, inavutwa tena chumba cha pili, mchana kweupe, na fundi hayupo. Aline akamshika bibi yake mkono. "Anapima," alinong'ona.

Na siku hiyohiyo, nani alipiga hodi? Saady. Huyu mtu mimi ananikera hata kumtaja. Alianza na fremu moja sokoni Kasulu, fremu ya halali, akiuza vitenge, na hapo hakuna wa kumlaumu. Akapata nyumba Kibondo, akapata nyingine Kumsenga, vijana wakawa wanamzunguka awafundishe kukua. Somo lake lilikuwa moja: nunua kwa mwenye haraka, huyo hajui kubishana bei. Haraka yenyewe inatoka wapi, hilo hakuwafundisha.

"Pole, mama," alisema mlangoni, meno yote nje. "Nasikia nyumba inakusumbua. Mimi nitaichukua hivyohivyo ilivyo, upumzike."

"Umesikia kwa nani?" Kezia akauliza. "Sijamwambia mtu."

Saady akajikohoza, akaaga.

Aliyemfungua Kezia macho ni jirani yake, Adija. Alipitia mlango wa nyuma, akaongea chinichini kama mwenye mgonjwa ndani. "Shoga, kwangu ilianza hivyohivyo. Chakula hakiivi, saruji inanuka, kitu kinapima kuta. Nikamuuzia Saady kwa bei ya kutupa, na alipoingia tu, kimya. Mkewe Asmahani ndiye aliyeniambia, analia. Mumewe ana jini alimtoa pwani. Anamtuma kwenye nyumba za watu."

Na sasa Adija alikuwa mpangaji wa chumba cha uani, katika nyumba aliyoijenga yeye na marehemu mumewe. Kodi anampelekea Saady kwa mikono miwili. Kama hilo halikuchemshi, basi wewe damu yako ni ya mjusi. Kezia lilimchemsha, hakulala.

Kesho yake Saady alirudi kumalizana naye, na kabla hajakaa sauti ikaanza, safari hii darini, ikashuka nguzo kwa nguzo, ikapita juu ya kitanda cha Aline, harufu ya saruji ikajaa chumbani, mlango ukajifunga, sufuria ikatikisika jikoni bila kuguswa, na kitu kirefu wasichokiona kikasimama katikati ya chumba kikipumua polepole, pumzi ya baridi inawapita usoni, mpaka Aline akajificha kwenye kanga ya bibi yake akisema, "Tuondoke, bibi, tuondoke, naomba tuondoke."

"Oya," Kezia akasema kwa Kirundi. Hapana. "Nilikimbia Burundi nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Tukarudi, nikakimbia tena, mama wa huyu mtoto yuko mgongoni kwangu. Walionikimbiza walikuwa na bunduki. Wewe una futi. Sikimbii tena, sikia, na uraia wangu wa Tanzania nitazikwa nao hapa Kasulu."

Akapiga hatua moja kuelekea ile pumzi. "Kwanza wewe kwako wapi?"

Kupima kukakoma. Sauti ikatoka chini sana, sauti ya mtu aliyechoka. "Sina kwangu. Huyu aliniahidi chumba. Kila nyumba ninayomtolea watu, anaingiza wapangaji."

"Basi mdai aliyekuahidi. Mimi sina deni lako."

Saady alikwishaufungua mlango kwa nguvu na kufika barabarani, peku. Harufu ikatoka mlangoni ikamfuata, na jioni ile maharage ya Kezia yakaiva mpaka yakapasuka.

Haikupita wiki, Asmahani akaja na watoto na godoro kichwani, anaomba pa kulala. Kezia akamkaribisha, maana mke hakuwa na kosa. Adija naye alikuwepo. Nyuma yao, uani, akasimama Saady, mashavu yamebonyea.

"Mama, nihifadhi na mimi," alisema. "Adija, nyumba yako nakurudishia, hata leo."

"Irudishe ndiyo uongee," Adija akamjibu.

Kezia akamtazama vizuri. "Yule kiumbe wako amehamia nyumba ipi?"

Saady akafungua mdomo, lakini aliyejibu hakuwa yeye. "Humu," ile sauti ya chini ikasema, na mkono wa Saady ukakigonga kifua cha Saady. "Pana nafasi. Sijakuta mtu ndani."

Kezia akaliingiza godoro la watoto, akafunga mlango.