Tusekile na Msuli Baridi

Huyu ni Tusekile. Anaishi Tukuyu, kwenye ukungu na baridi. Darasa la pili lote, hakuna anayemshinda mbio.

Leo kuna mashindano. Atakayeshinda ataongoza nyimbo za mchakamchaka muhula mzima. Tusekile anaitaka nafasi hiyo kuliko maandazi.

Asubuhi watoto wanakimbia polepole kuzunguka shule, wakiimba.
Mchaka, mchaka! Puu, puu, puu!

Tusekile yuko wapi? Amejificha nyuma ya jiko la shule. Amekaa juu ya kuni, anatetemeka.

"Tuse, njoo tukimbie!" anaita rafiki yake, Lusajo.

"Siji ng'o! Nikikimbia sasa, mbio zitaisha. Mbio zangu nazitunza!"

Mchaka, mchaka! Puu, puu, puu!
Wenzake wanatoka jasho. Tusekile anawacheka. Haya, na acheke.

Filimbi ya mashindano inalia. Pyuuu! Tusekile anachomoka. Yuko mbele! Yuko mbele kabisa!

Mara, nyuma ya paja, kwachu! Kitu kimevutika. Kinauma! Tusekile anakaa chini.

Lusajo anampita. Wote wanampita, hata Ipyana, ambaye kila siku ni wa mwisho.

Lusajo ameshinda. Vigelegele! Tusekile anavichukia vigelegele. Anamchukia Lusajo. Anauchukia na mguu wake.

Mwalimu Mbwilo anachuchumaa. "Nyuma ya paja kuna msuli mrefu. Ndio unaokunja goti. Ukiwa baridi, hautaki kuvutwa ghafla. Mchakamchaka unaupasha moto."

"Kwa hiyo, Mwalimu, mbio haziishi?"

"Haziishi. Ndiyo kwanza zinaamka."

Majuto ni mjukuu. Tusekile analia kwa uchungu.

Nyumbani, Mama anaweka kitambaa cha maji baridi nyuma ya paja. Hauchui msuli. "Kwanza upumzike," anasema. "Maumivu yakiisha, tutaunyoosha taratibu, kila siku."

Kesho yake Tusekile haendi shule. Amelala kitandani, anasikia.
Mchaka, mchaka! Puu, puu, puu!
Anayeimbisha ni Lusajo. Tusekile anaziba masikio.

Jioni Mama anamfunika blanketi.

"Mama, Lusajo anaimba vibaya."

"Anaimba vizuri."

"Najua."

Mama anakaa karibu naye. "Mguu unauma?"

"Kidogo. Lakini bado nimenuna."

"Nuna, mwanangu. Ukimaliza, ulale."

Tusekile ananuna. Ananuna sana. Ananuna mpaka usingizi unamchukua, hajamaliza hata nusu.