Mpira wa Bomba Juu ya Paa la Mama

Kisu kilikuwa mkononi mwa mdogo wangu wa damu!

Jamani, nisikilizeni. Naandika hii nikiwa nimekaa juu ya paa. Moyo sijui uko wapi.

Mimi ni fundi wa mapaa. Kazi yangu kubwa ni pale bomba la hewa la choo linapotokea juu ya bati. Unalivisha mpira, ukingo wa juu unaupitisha chini ya bati ili maji yateremke juu yake, unapaka silikoni, unakaza skrubu. Ukikosea hapo, mwenye nyumba atalala na beseni.

Sasa, katika nyumba zote nilizoziba, iliyovuja mara nne ndani ya mwaka mmoja ni ya mama yangu mzazi. Aibu gani hiyo!

"Baba, kunavuja tena."

"Mama, si nimeziba juzi tu?"

"Ndo hivyo. Njoo uone."

Naenda. Naziba. Yeye chini ameshika ngazi, anapiga stori mpaka shingo inamuuma. Nikimaliza, sharti tumwage ndoo ya maji pale juu, tukae nusu saa tuone kama patatona.

"Mama, nina kazi kwingine."

"Tulia wewe! Ukiondoka pakavuja, nimwite nani?"

Mara ya tano nilipita asubuhi bila taarifa. Nikamkuta mama ameshika ngazi. Kuniona tu, akashtuka.

Nikapanda... Nani yuko juu? Mdogo wangu, yule tunayemwita Kijiti! Amepiga magoti penye bomba, anaukata mpira wangu kwa kisu cha jikoni.

"Kijiti! Nimekukosea nini mpaka uniharibie jina?"

Akaficha kisu nyuma ya mgongo.

"Si naongea na wewe?"

"Kaka, tushuke kwanza."

"Shuka wewe! Na usinijue tena!"

Nilimzaba kofi. Hakurudisha. Mama kule chini akainamia ngazi. Nikajua tu kwamba Kijiti alimdanganya kuwa anaziba.

Siku hiyo niliziba kwa hasira. Nikakata bati nene, nikatengeneza kola ya kulizunguka bomba, nikaivisha juu ya mpira mpya, nikakaza skrubu kumi na mbili. Kisu gani kitapita pale?

Miezi tisa. Mvua zote zile, hakuna tone. Mama akipiga simu ya salamu, namwambia, "Niko juu, nitakupigia." Wakati mwingine nilisahau. Nilisahau mara nyingi, niseme ukweli.

Presha ikamchukua mama ghafla. Tukamzika.

Wiki moja baadaye Kijiti akaja kwangu. Tangu lile kofi hatukuwahi kuongea.

"Kaka, ule mpira... mama ndiye aliyekuwa ananituma."

"Unasema?"

"Alisema, 'Kaka yako haji mpaka pavuje.' Akaniapisha nisikwambie. Hata kisu alinipa yeye."

Nilikaa chini.

"Baada ya ile kola nilijaribu mara mbili, nikashindwa. Nikamwambia, mama, safari hii kaka kaziba kweli kweli."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, 'Si nilikwambia mwanangu ni fundi?'"

Sikulia. Watu wanadhani najikaza. Sijikazi, ndugu zangu. Natafuta machozi siyaoni, nakula chakula hakina ladha, na watu wananisalimia naitikia tu.

Kumbe kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya ndiyo iliyomnyima mama sababu ya kuniita.

Wewe unayesoma, kama mama yako yupo, nenda leo. Usingoje aharibu kitu ndipo ufike. Na usiniandikie pole hapa chini kabla hujampigia yeye.

Leo nimepanda, ingawa hapavuji. Nimemwaga ndoo ya maji penye bomba. Kijiti ndiye aliyenishikia ngazi, kisha akaingia ndani kuangalia dari.

Nimesubiri nusu saa nzima, kama alivyotaka mama.

Kijiti ametoka sasa hivi. Anasema pakavu kabisa.