Asumini Zilizopigwa na Jua

Mwezi ule wa harusi tatu ulituchosha sote nyumbani. Kila siku nikirudi kutoka chuo cha Kurani, mimi na Mama tulitunga vikuba, yaani asumini, majani ya rehani na maua ya mkadi kwenye uzi, wanawake wavae harusini. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha hapa Mji wa Kale.

Jumamosi moja Mama akashikwa na homa. Akanikabidhi kazi mimi, Khairiya wa miaka kumi na mitatu, niwaongoze Sidi na Naomi, rafiki zangu wa Majengo waliokuja kusaidia.

"Vikuba arubaini kabla ya alasiri," Mama akasema kwa sauti dhaifu. "Tukiwaangusha watu siku ya harusi yao, nani atatuita tena?"

Maneno hayo yalinikaa kifuani. Mgongo uliniuma, vidole vilijaa matundu ya sindano. Naomi alipofungulia redio kaseti, niliizima. Alipoangusha sindano, nikamwita mzembe. Mimi nikidhani huo ndio uongozi!

"Khairiya," Sidi akaanza, "kile kikapu..."

"Nyamaza! Tunga!"

Akainama, akaendelea kutunga.

Saa nane nikaenda dirishani kuchukua asumini zilizobaki. Masalale! Jua lilikuwa limekipiga kikapu muda wote, na maua mengi yamenyauka. Tena ni mimi mwenyewe niliyekiweka pale asubuhi.

"Sidi, hukuona?"

"Niliona. Nilitaka kukwambia, ukaninyamazisha."

Nusura nimfokee tena. Lakini nilikuwa nimechoka mno, na aibu imenijaa. Nikaketi mkekani, machozi yakanitoka.

"Nisameheni. Niliogopa, hofu yangu nikawatwika nyinyi. Sasa sijui nifanye nini."

Sidi akakisogelea kikapu. "Tuchague zilizo nzima. Palipopungua tutie rehani na mkadi. Shangazi yangu hufanya hivyo."

Naomi akatoka mbio hadi mtaa wa Makadara kutafuta rehani. Tukatunga, safari hii bila woga. Adhana ya alasiri ikilia, Sidi alikuwa anafunga fundo la kikuba cha mwisho. Mama wa biharusi alipofika, alikinusa kimoja akapiga kigelegele.

Jioni Mama akaniita kitandani. Nikamweleza yote, bila kuficha la kikapu wala la matusi.

"Mwanangu, kuchoka si kosa," akasema. "Lakini mkubwa wa kazi huishika hofu yake kwanza, ndipo afungue kinywa. Unayemfokea atakuficha anachokiona. Hasira hasara, na leo hasara ilitukaribia mlangoni."

Jumamosi iliyofuata tukaketi tena mkekani, macho yangu mazito kwa usingizi. Kabla ya kushika sindano nikauliza, "Sidi, waona nini leo?"

Akanitazama, akacheka. "Kikapu kiko kivulini. Ila wewe naona umechoka. Lala kidogo, sisi tutaanza."

Nikalala.