Kwato Kwenye Bustani ya Kichina

Jumamosi hiyo soko la Mikumi lilifurika. Editha, gauni lake la kitenge cha njano likiwa na udongo magotini, alikuwa ameshika furushi la mwisho la miche ya mianzi wakati mkono mwingine ulipolidaka.

"Kaka, samahani, hii nimeshailipia."

"Hata mimi, dada," alijibu kijana mrefu aliyejitanda shuka jekundu juu ya jinzi. Muuzaji alikuwa ameingia mitini.

"Ng'ombe wako wanakula mianzi?"

"Nataka kivuli cha ndama. Wewe je?"

"Najenga bustani ya Kichina."

Kijana, Koinet, alicheka mpaka akafuta machozi. Editha hakucheka. Bi Hildegarda, mwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, alikuwa amempa kazi yake kubwa ya kwanza: bwawa la samaki lenye yungiyungi, mawe yaliyosimamishwa kama vilima, lango la duara, taa za mawe, daraja jekundu lenye kona. Ufunguzi ulikuwa baada ya mwezi mmoja.

"Basi chukua yote," Koinet alisema. "Ila namba ya simu uniachie."

Alimletea mawe ya mtoni kwa pikapu yake, safari baada ya safari. Simu nazo hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nile nini, na daraja limepinda!"

"Si ulisema linatakiwa lipinde?"

Kwao Mabwerebwere, Editha hakuthubutu kumtaja. Baba yake, mzee Lukasi, alikuwa ameliwa mahindi na mifugo mara mbili, na wafugaji hakutaka hata kuwasikia.

Wiki moja kabla ya ufunguzi, Editha alikuta mianzi imevunjwa, mayungiyungi yamesagwa, tope limejaa alama za kwato. Alimpigia Koinet simu.

"Ng'ombe wako wamenimaliza!"

"Editha, ng'ombe wangu walilala zizini."

"Baba alisema kweli. Nyie shamba la mtu kwenu si kitu!"

"Kumbe ndivyo unavyoniona." Koinet akakata simu.

Editha alipanda upya, peke yake, siku tatu. Alfajiri ya siku ya nne alisikia maji yakichezewa. Alichungulia: nyati watatu kutoka hifadhi ya Mikumi iliyo jirani walikuwa wakinywa bwawani.

Jua lilipochomoza alichukua bodaboda hadi zizini kwa Koinet.

"Walikuwa nyati," alisema. "Nimekutukana wewe na watu wako wote. Nisamehe."

Koinet aliendelea kumwogesha ndama. "Ningekuonyesha tofauti ya kwato. Hukunipa nafasi."

"Najua. Sitarudia."

Ndama alijitikisa, maji yakawarukia wote wawili. Koinet akaweka ndoo chini. "Mianzi haimzuii nyati. Nje kunahitajika ukuta wa mawe. Nikuletee leo?"

"Leo hii."

Siku ya ufunguzi wageni walipanga foleni kupigwa picha langoni. Editha, ndani ya gauni la kijani, alimvuta Koinet pembeni.

"Jumapili tunakwenda Mabwerebwere. Wewe utampa baba shikamoo yake. Mimi nitamwambia nataka kuolewa na wewe."

"Kwa hiyo umeniposa?"

"Nimekuposa."

"Mzee akikataa?"

"Nitamwambia tena Jumatatu."